Gia Zinamtii Baba Tu

Asubuhi hiyo Kiguu hakukaa kitako hata kwa chai. Alikunywa amesimama mlangoni, kikombe mkono huu, ufunguo wa lori mkono ule, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, mpaka mama yake akachoka kumwangalia.

"Kaa chini, mwanangu, chai haina mbio."

"Mimi ninazo, Mama."

Na kweli anazo, tangu kuzaliwa. Jina lenyewe alipewa na huyo huyo mama: Kiguu na Njia, kwa sababu alipoanza kutambaa tu, alitambaa kuelekea getini. Watu wakalifupisha, likabaki Kiguu. Sasa ni msichana mzima, ana leseni ya magari makubwa aliyoisomea chuoni, na tangu mvua za juzi ndiye anayeendesha lori la baba yake. Baba mgongo ulikataa. Alimwita Kiguu, akamkabidhi ufunguo mbele ya majirani, mwenyewe akajikausha asilie.

Yaani ilikuwa raha! Raha ya wiki mbili tatu hivi. Baada ya hapo gia zikaanza kupiga kelele.

Si kelele ndogo, jamani. Akitoka ya kwanza kwenda ya pili, *krraaa*. Ya pili kwenda ya tatu, *krraaa* tena, kama mtu anaburuta kabati la chuma sakafuni. Barazani Baba anasikia, anafumba macho kama vile amekanyagwa yeye. Mwisho uvumilivu ukamwishia. Akapanda mwenyewe, mgongo na maumivu yake, akalizungusha mitaa yote. Na gia, wallahi, ziliingia kimya! Ya pili, ya tatu, ya nne, kama mguu unaoingia kwenye kiatu chake. Akarudi, akazima injini, akashuka polepole.

"Lori ni zima," alisema. "Mkono ndio mbovu."

Hilo neno lilimwingia Kiguu kama mwiba. Aliendesha tena mbele yake, kwa utaratibu wote aliofundishwa, na likakwaruza tena mbele yake. Basi ikawa imekwisha. Baba akampigia simu mdogo wake, ambaye amelitamani lori lile miaka na miaka, akamwambia aje alijaribu na akiridhika alichukue. Na siku yenyewe ndiyo hii. Baba mdogo anakuja mchana.

"Baba," Kiguu alisema, kikombe bado mkononi, "nipe asubuhi hii tu. Nilipeleke kwa fundi."

Baba alikuwa barazani, mto mgongoni, macho barabarani. "Fundi atatengeneza nini? Mkono?"

"Atazame tu."

"Mwanangu, mimi sikukasirikii. Wako watu wa gia na wako watu wa mambo mengine. Umesoma, utapata kazi ofisini, utakaa kwenye kiti kinachozunguka."

"Mimi? Nikae?"

Mama aliangua kicheko kule jikoni. Hata Baba mdomo ulimcheza, ila akaukaza. "Mchana, kabla baba yako mdogo hajafika, lori liwe hapa."

"Na kama nimechelewa?"

"Tutakufuata huko huko."

Kiguu aliweka kikombe chini, chai nusu, akatoka mbio.

Njiani alilia kidogo, tusifichane. Alilia huku anabadilisha gia, na kila akibadilisha lori linalia kuliko yeye. Kwenye mzunguko wa sokoni muuza viatu mmoja alisimama na ndara mbili mkononi akapaza sauti: "Dada! Unaendesha au unasaga?" Wenzake wakavunjika mbavu. Kiguu akapandisha kioo, na joto lote lile.

Gereji anakoenda ni ya shoga yake, walisoma chuo kimoja, yeye udereva mwenzake ufundi. Kibanda cha mabati, shimo la kuingilia chini ya magari, ukuta mzima spana zimetundikwa kwa ukubwa wake, na mlangoni kiti kimoja cha mteja, ambacho Kiguu hajawahi kukikalia. Fundi mwenyewe mfupi, mnene, ovaroli imekunjwa miguuni, na mdomo wake haujawahi kwenda likizo.

"Nimekusikia toka mzunguko," alimpokea. "Nikasema huyo anayechinja chuma ni nani? Kumbe shoga yangu."

"Usinichekeshe. Leo wananinyang'anya lori."

Akamweleza yote, kwa pumzi moja, anazunguka huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutaga. Fundi alimfuata kwa macho mpaka shingo ikamuuma.

"Simama basi! Nikifungua giaboksi, ni kuishusha chini yote. Siyo kazi ya asubuhi moja."

"Sina siku nyingine."

"Basi tufikirie bila kufungua. Wewe ukiingiza, inakwaruza. Baba akiingiza, inaingia. Lori moja, siku moja?"

"Siku moja, barabara moja!"

"Haya, nionyeshe Baba anavyoingiza."

"Si anaingiza tu?"

"Nionyeshe. Kaa pale, jifanye Baba."

Kiguu akapanda, akajifanya Baba. Hapo hapo akasahau kulia, maana kumwigiza Baba ni mchezo wao wa nyumbani toka zamani. Akalegeza mabega, akatoa kiwiko dirishani, akashika rungu la gia kwa vidole vitatu tu, akaanza: mkono unatoka kwenye gia, unasita katikati, halafu unaingia. Na kichwa kinainama mara mbili. Hiyo ya kichwa nyumbani wote wanaijua, Mama husema Baba analiitikia lori, "naam, naam."

"Rudia," Fundi alisema. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

Akarudia. Naam, naam.

"Kichwa kinainama kwa nini mara mbili?"

"Ndivyo alivyo. Mazoea."

"Kichwa hakiinami bure. Mguu ndio unaokiinamisha. Shoga, baba yako anakanyaga klachi mara mbili!"

Kiguu akarudia tena, safari hii anautazama mguu wa kushoto. Klachi, gia inatoka, anaachia. Klachi tena, gia inaingia. Mara mbili kila gia, kama madereva wa malori ya zamani kabisa, yale yaliyokuwa hayaingizi gia bila kubembelezwa hivyo. Baba alijifunzia kwenye hayo, na mguu haukuacha. Mtu ameishi naye nyumba moja, amepanda naye gari tangu yuko tumboni, na hajawahi kuutazama mguu wake!

Waliwasha, wakatoka mpaka mwisho wa barabara ya gereji. Kiguu akajaribu ya pili kwa mara mbili. Alikosa kidogo, ana haraka mno, lakini ya tatu ikaingia kimya. Kimya kabisa! Alipiga kelele mwenyewe kufidia.

"Umeona? Siyo mkono wangu! Ah, lakini..." akanywea ghafla. "Basi si ndiyo Baba ana haki? Yeye anajua, mimi sijui."

"Hapana, wewe. Lori hili lina ringi za shaba mle ndani. Kazi ya zile ringi ni kuishika gia ili mwendo ulingane kabla haijaingia. Kama mtu anavyokushika mkono ukirukia gari linalotembea, ukimpata anakuvuta, unaingia salama. Baba yako hamhitaji mtu huyo, mguu wake unalinganisha wenyewe. Wewe unamhitaji, ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo gari lilivyotengenezwa. Sasa swali ni moja: mbona hakushiki?"

"Ameshiba?"

"Tumwulize. Oili ikiwa ya moto hivi ndiyo saa yake."

Wakalirudisha juu ya shimo. Fundi akaingia chini na beseni, akalegeza nati, oili ikashuka nyeusi, nzito, ikitoa harufu kali ya kiberiti iliyomfanya Kiguu apige chafya. Na inavyoshuka taratibu hiyo! Kiguu alizunguka lori, akapiga matairi teke, akarudi, bado inashuka. Fundi akachovya kidole, akakipeleka kwenye mwanga. Kidole kiling'aa. Chembe ndogo ndogo za manjano, kama amepaka urembo wa harusi.

"Shaba," alisema kwa sauti ya chini, yeye ambaye hana sauti ya chini. "Ringi zinaliwa. Umetia oili gani humu?"

"Nzuri! Nzuri kuliko zote. Debe lake lile pale nyuma ya kiti, limebaki nusu."

Fundi akalitoa debe jekundu, akaligeuza. Halafu akachukua tambara na mafuta ya taa, akaingia tena chini, akafuta tope kwenye kibao kidogo cha chuma kilichopigiliwa ubavuni mwa giaboksi. Akamwita Kiguu ashuke asome mwenyewe. Juu ya kibao, sehemu iliyokuwa safi siku zote: 80W-90. Chini yake, pale palipokuwa na tope: GL-4. Na debe? 80W-90, sawa kabisa. Halafu, kwa herufi kubwa za dhahabu: GL-5.

"Unene ni ule ule," alisema Fundi, "dawa ndiyo tofauti. Hii ya tano wametia dawa kali, kwa ajili ya difu, meno yale makubwa yanayosuguana kwa nguvu kule nyuma. Kwa difu ni asali. Ukiitia kwenye giaboksi yenye shaba, kwanza inateleza mno, ringi inashika haikamati. Halafu ile dawa inaitafuna shaba yenyewe, kidogo kidogo. Nani kakuuzia?"

Kiguu akaliangalia debe. Alikuwa amekumbuka.

Hakuuziwa yeye. Siku ile ya ufunguo, kabla majirani hawajaitwa, Baba aliingia mwenyewe chini ya lori, na mgongo ule ule uliokataa, akamwaga oili ya zamani akatia mpya. Alitoka huko kwa kutambaa, jasho linamtiririka, akamwonyesha debe. "Mimi maisha yangu yote nimetia ya nne," alimwambia. "Wewe nimekununulia ya tano. Lori lako lisipate shida kama langu." Akalipangusa debe kwa kiganja kama mtu anayempangusa mtoto uso.

"Jamani," Kiguu alisema. Akazunguka lori. "Jamani, jamani." Akalizunguka tena.

Fundi alipoelewa, naye akakuna kichwa. "Mwambie oili imechoka, ndiyo imetia kelele. Basi. Hakuna aliyekosea."

"Nikimwambia imechoka, atakwenda kuninunulia nyingine hiyo hiyo. Unamjua Baba? Atanunua madebe mawili!"

"Basi usimwambie kitu. Badilisha tu."

"Na baba mdogo akilichukua? Ataambiwa lori zima, dereva mbovu. Nitakuwa dereva mbovu mpaka kufa, shoga. Hapana." Akaliangalia jua. "Kwanza oili. Hayo mengine yatajisema."

Duka la vipuri lilikuwa hatua chache tu, akalifikia kwa mbio. Mwenye duka alikuwa ameegemea rafu za makopo ya kila rangi, anajipepea na kadi ya kalenda.

"Oili ya giaboksi, themanini tisini, GL-4."

"Nne?" Jamaa alimtazama kwa huruma. "Dada yangu, watu wanapanda, wewe unashuka? Chukua tano. Mpya, ya juu."

"Ndiyo iliyonifikisha hapa."

"Basi hii, ya nne na tano pamoja. Inaingia popote, hata ukitaka kukaangia."

Akasita. Debe lilikuwa zuri, na maneno yalikuwa matamu. Lakini picha ya kidole kile kinachong'aa ilikuwa bado machoni. "Giaboksi yangu haikuomba pamoja," alisema. "Imeandika nne, yenyewe, ubavuni. Nipe nne."

Kuijaza nako kulimchosha roho. Mpira na faneli, tone kwa tone, huku Fundi yuko chini anachungulia tundu la pembeni, maana haijajaa mpaka ianze kutoka pale tunduni yenyewe. "Bado," anasema Fundi. "Bado." "Bado!" Na Kiguu kashika faneli, mguu unamchezacheza kama cherehani. Oili ndiyo imechungulia tunduni, Fundi ndiyo anafunga nati, na hapo mlangoni wakasimama wazee wawili.

Baba mdogo ndiye aliyeanza, mrefu, shati limenyooshwa pasi mpaka mikono inakata. "Ehe! Hapa ndipo gari langu linapofichwa?"

"Shikamoo, baba mdogo. Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa hapa, mtoto wangu. Mafundi hawa! Gari zima, wanalifungua wapate cha kuchokonoa."

"Marahaba," Baba alijibu. Macho yake yalikuwa kwenye beseni. "Mbona umemwaga oili yangu? Ile mpya?"

Kiguu alikuwa amepanga maneno mazuri, ya kuzungukazunguka. Yote yakapotea. "Baba, si ya humu. Ya tano ni ya difu. Humu inatakiwa ya nne, inakula shaba, kibao kimeandika, njoo usome."

Fundi akachungulia toka shimoni.

"Unasema nimekuharibia lori," Baba alisema polepole.

"Sisemi hivyo."

"Mbona mimi nikiendesha haliharibiki?"

"Kwa sababu unakanyaga klachi mara mbili."

"Nani? Mimi?" Na kweli hakujua. Uso wake ulionyesha wazi kwamba hakujua, kama mtu aliyeambiwa anakoroma.

"Panda uone," Kiguu alisema. "Ila ukanyage mara moja tu, kama mimi. Tafadhali, Baba."

Baba alipanda, akiushikilia mgongo. Baba mdogo akapanda upande wa pili, Kiguu akajibana katikati yao, magoti yamegusa rungu la gia. Wakatoka. Kwenda ya pili: mguu wa Baba ukakanyaga, ukaachia, ukakanyaga.

"Mara mbili hiyo."

"Eh! Ngoja." Ya tatu. Mguu ukaenda tena mara mbili. Baba akauangalia mguu wake kama mgeni aliyeingia bila hodi. Akajaribu tena, wapi. Hapo Kiguu akafanya jambo ambalo asubuhi asingethubutu: akaweka kiganja chake juu ya goti la kushoto la Baba. Baba alipokanyaga mara ya kwanza, goti likashuka. Alipotaka kuliinua lote aachie, Kiguu akalikandamiza chini.

"Ingiza sasa."

Ya nne ikaingia kimya. Baba akashtuka. Wakarudi chini, ya tatu, kiganja gotini, kimya. Halafu wakapunguza mwendo kwenye kona, ya pili.

*Krraaa.*

Siyo kubwa kama ya asubuhi. Ringi ya pili ilikuwa imeliwa zaidi, oili pekee haiwezi kuirudishia nyama. Lakini ilisikika wazi, na mkono uliokuwa kwenye rungu ulikuwa wa Baba.

Baba mdogo alipiga paja kwa kicheko. "Kaka! Umekwaruza! Kumbe na wewe ni mkono tu!"

Baba hakucheka. Alisogeza lori pembeni, akasimamisha, injini inaunguruma. Alikaa hivyo, mikono kwenye usukani. Kiguu hakuweza kukaa hivyo, alihesabu mashimo kwenye dari la kebini, akavuta uzi kwenye sketi, akaudondosha.

"Ndiyo sauti uliyokuwa unaisikia kila siku?" Baba aliuliza.

"Hii ni ndogo, Baba."

"Na mimi nikakwambia mkono." Akapangusa usukani. "Niliona tano. Nikasema, ya nne ilinitosha mimi, mwanangu apate ya tano. Sikufuta hata lile tope kwenye kibao."

"Najua, Baba."

"Haya yote ni maneno," alisema baba mdogo, anatazama saa. "Mimi ringi nitanunua mwenyewe. Kaka, tulikubaliana."

"Tulikubaliana kwamba sina dereva," Baba alisema. "Ninaye. Siuzi."

"Siuzi vipi? Nimekuja toka kule kote, nimepiga pasi shati!"

"Limenyooka vizuri. Asante kwa kuja."

Kiguu alipiga kelele ya furaha iliyomfanya baba mdogo azibe sikio. Alitaka kumkumbatia Baba, lakini usukani ulikuwa katikati, akaishia kumkumbatia mkono. Baba akajitoa, akafungua mlango, akashuka kwa kuusogeza mguu mmoja mmoja, akazunguka mbele ya lori na kugonga mlango wa pili ili mdogo wake ambaye bado ananung'unika asogee.

"Ringi tutaagiza kwa fundi wako," alisema alipokaa. "Mpaka zije, ya pili uikanyagie mara mbili. Hizo nyingine fanya unavyojua."

"Asubuhi nilijaribu, nikakosa."

"Unakimbilia. Ukiitoa gia, achia mguu, halafu ngoja."

"Ningoje nini?"

"Usikilize injini ishuke. Haya, twende."

Kiguu alijivuta nyuma ya usukani, akaingia barabarani. Ya kwanza, injini ikapanda sauti. Akakanyaga, akaitoa gia, akaachia. Mguu wote ulimwasha, kila kitu mwilini mwake kilitaka kukanyaga tena pale pale, na baba mdogo anaendelea na habari za shati, na nyuma kuna mtu anapiga honi.

"Bado," Baba alisema.

Akangoja.

"Sasa."

Akakanyaga, akasukuma rungu, na ya pili ikaingia bila neno.

"Tena hapo mbele," alisema Baba. "Halafu punguza haraka, mwanangu, lori halikimbii. Ni lako."